Sikukuu za Majira ya Baridi Ugenini: Giza, Upweke na Afya ya Aliye Mbali na Kwao

Jioni ya tarehe 24 Desemba, simu inaita katika chumba kimoja cha kupanga kusini mwa Uingereza. Anayeipokea ni mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Mkoa wa Kilimanjaro, anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Upande wa pili yuko mama yake. Nyuma ya sauti ya mama zinasikika kelele za watoto, mlio wa mbuzi na mabishano ya wajomba waliofika kutoka Dar es Salaam na Arusha. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Habari za huko?" "Nzuri, mama. Ni baridi tu."

Jibu hilo ni la adabu, lakini si la kweli. Mama hakuambiwa kwamba binti yake hajafungua pazia tangu juzi. Kwamba hulala saa kumi na mbili na bado huamka amechoka. Kwamba chakula chake cha siku mbili kimekuwa mkate na biskuti. Na kwamba alikataa mwaliko wa Watanzania wenzake kwa kisingizio cha zamu ambayo hakuwa nayo.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila sehemu yake ni jambo ambalo mhudumu wa afya anaweza kukutana nalo kwa Mwafrika Mashariki aishiye katika nchi za kaskazini. Makala haya yanaeleza kinachoupata mwili na nafsi ya mtu wa namna hiyo katika majuma ya mwisho wa mwaka. Hoja yetu kuu ni moja: hali hiyo si uvivu, si upungufu wa imani, wala si adhabu ya kuwaacha wazee nyumbani. Ina sababu zinazoeleweka, na sehemu kubwa yake huzuilika au hutibika, mradi mgonjwa aseme na anayemsikiliza ajue la kuuliza.

Mwili uliozoea saa kumi na mbili za mchana

Hesabu ya saa katika Kiswahili inaeleza jambo la kitabibu. Tunasema saa moja asubuhi kwa kuwa saa ya kwanza ya mchana imekwisha kupita tangu mapambazuko, na saa kumi na mbili jioni kwa kuwa mchana umefika ukingoni. Hesabu hii ilizaliwa karibu na Ikweta, mahali ambapo mchana na usiku hugawana siku karibu sawa kwa mwaka mzima. Hata Dar es Salaam, iliyo kusini kidogo ya Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa katika mwaka haifiki saa moja.

Kaskazini, hesabu hiyo huvunjika. Tarehe 21 Desemba, jua la London huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mchana mzima haufiki saa nane. Stockholm hupata takriban saa sita tu za mchana, na jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mtu anayeingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni anaweza kumaliza juma zima bila kuliona jua, isipokuwa kupitia dirishani.

Kwa nini jambo hili liuguze? Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kundi dogo la seli linaloongoza saa ya mwili. Seli hizo hupokea habari za mwanga moja kwa moja kutoka machoni, kisha hupanga wakati wa usingizi, joto la mwili, njaa na utoaji wa homoni. Mojawapo ya homoni hizo ni melatonini, ambayo hutolewa gizani na kuuambia mwili kuwa ni usiku. Mwanga mkali wa asubuhi huizima melatonini na kuirekebisha saa ya mwili kila siku, kama mtu anavyorekebisha saa ya ukutani inayochelewa. Mapambazuko yakichelewa na mwanga ukiwa hafifu, saa ya ndani hubaki nyuma. Mtu huamshwa na kengele, lakini mwili wake bado unaamini kuwa ni usiku wa manane.

Taa za kawaida hazitoshi kuziba pengo hilo. Mwangaza hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Chumba chenye taa nzuri kwa kawaida hakizidi laksi 500, ilhali nje, hata siku yenye mawingu, mwangaza huweza kufika maelfu kadhaa, na jua la mchana katika nchi zetu hukaribia laksi 100,000. Macho huzoea upesi, na kwa hiyo hatuioni tofauti hii. Ubongo, hata hivyo, huitambua.

Sonona ya majira

Mtu aliyelipa tatizo hili jina katika tiba ya kisasa alikuwa mwenyewe Mwafrika aliyehamia kaskazini. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini, akahamia Marekani mwaka 1976 kujifunza tiba ya magonjwa ya akili, na huko New York akaona jinsi nguvu na furaha yake zilivyopungua kila majira ya baridi yalipoingia na kurudi wakati wa machipuko. Mwaka 1984, yeye na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha maelezo ya kitaalamu ya hali hiyo, pamoja na matokeo ya kwanza ya kuitibu kwa mwanga. Leo inatambuliwa kuwa ni aina ya sonona inayofuata majira.

Dalili zake hutofautiana kwa kiasi na zile za sonona tulizozizoea. Mgonjwa wa sonona ya kawaida mara nyingi hukosa usingizi na hamu ya chakula. Mwenye sonona ya majira ya baridi, kinyume chake, hulala kupita kiasi, hutamani vyakula vya wanga na sukari, huongezeka uzito, huhisi viungo vizito na hujitenga na watu. Pamoja na hayo huwapo zile dalili za msingi: huzuni au kukosa raha karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, kutofurahia mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, kushindwa kumakinika, kujilaumu na, wakati mwingine, kuwaza kifo. Utambuzi kamili huhitaji hali hiyo kujirudia katika majira yaleyale kwa angalau miaka miwili mfululizo na kutoweka majira yanapobadilika. Hata hivyo, asiyetimiza sharti la miaka miwili asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Sonona ya mwaka wa kwanza ni sonona vilevile, na hustahili tiba.

Mhudumu wa afya akumbuke pia kwamba uchovu una baba wengi. Upungufu wa damu, udhaifu wa tezi ya shingo, kisukari, ujauzito na baadhi ya dawa huweza kuleta sura ileile. Kipimo cha damu hakigharimu sana ukilinganisha na miezi ya kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Ukimya wa sikukuu

Giza peke yake halielezi yote. Majuma hayohayo ya mchana mfupi ndiyo yenye sikukuu, na sikukuu ina namna yake ya kumpima aliye mbali na kwao.

Katika nchi zetu, Krismasi na Mwaka Mpya ni majira ya watu kutoka nje na kukutana. Mabasi ya kwenda kaskazini mwa Tanzania hujaa Wachaga wanaorudi migombani. Wakenya huiacha Nairobi na kwenda kwa wazee mashambani. Jua ni kali, milango iko wazi, na mgeni haulizwi kama alialikwa. Kaskazini mwa dunia sikukuu huwaingiza watu ndani. Tarehe 25 Desemba jijini London treni za chini ya ardhi hazifanyi kazi, maduka mengi hufungwa na barabara huwa kimya. Ujerumani na Uswidi, kilele cha sherehe ni jioni ya tarehe 24, nayo ni ya familia zilizojifungia nyumbani. Mgeni asiyejua mpangilio huo huweza kujikuta hana basi, hana chakula, na hana pa kwenda kwa siku mbili au tatu. Hali hiyo humpata Mwislamu kutoka Unguja au Mombasa sawasawa na Mkristo: sikukuu si yake, lakini kufungwa kwa chuo, ofisi na usafiri kunamhusu, na marafiki aliozoea kuwaona kila siku hutawanyika.

Kisha kuna simu. Aliye ugenini huona picha za karamu ambayo hakuwapo, na huulizwa maswali ambayo kila moja lina uzito wake: Utakuja lini? Mbona hujatuma kitu cha sikukuu? Wengi hutuma fedha walizokuwa wamejiwekea za kupasha nyumba joto, kisha hukaa katika baridi ili wa nyumbani wasijue kuwa maisha ni magumu. Wengine huomba zamu zote za sikukuu. Zamu inaweza kuwa dawa ya upweke, na malipo yake mara nyingi ni mazuri. Lakini zamu za usiku zinazofuatana huiondoa hata ile saa moja ya mwanga iliyobaki. Wengine hujiliwaza kwa pombe. Pombe huleta usingizi wa haraka, ila usingizi wenyewe huwa wa vipande vipande, na siku ya pili huzuni huwa nzito zaidi.

Yafaa hapa kusahihisha dhana moja iliyoenea. Watu wengi huamini kwamba idadi ya wanaojiua hupanda sana wakati wa Krismasi. Takwimu za Marekani za miaka mingi zinaonyesha kinyume: Desemba ni miongoni mwa miezi yenye idadi ndogo, na idadi huelekea kupanda wakati wa machipuko na mwanzo wa kiangazi. Funzo kwa mhudumu na kwa ndugu si kwamba Desemba ni salama, bali kwamba ulinzi usikome sikukuu zinapokwisha. Anayejulikana kuwa na sonona mwezi Desemba aulizwe hali yake Februari, na tena Aprili.

Ngozi, jua na vitamini D

Ngozi nyeusi ni ngao iliyotengenezwa kwa jua kali. Rangi iliyomo ndani yake hufyonza mionzi ya urujuanimno na kuikinga ngozi isiungue. Mionzi hiyohiyo ndiyo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo huusaidia mwili kutumia madini ya chokaa kuimarisha mifupa na misuli. Chini ya jua letu hakuna hasara: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 miongoni mwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya kimila uliwakuta na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu. Nchini Uingereza, upungufu mkubwa huhesabiwa chini ya nanomoli 25.

Mtu yuleyule akihamia kaskazini, mambo hugeuka. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwezi Machi, mionzi inayohitajika haifiki ardhini kwa kiasi cha kutosha. Hata mwenye ngozi nyeupe hatengenezi vitamini D ya kutosha. Mwenye ngozi nyeusi hupungukiwa hata katika miezi mingine, na anayevaa mavazi ya kusitiri mwili wote hupungukiwa zaidi. Matokeo yake ni maumivu ya mifupa, udhaifu wa misuli ya mapaja na mabega, na kwa watoto, matege. Ndiyo maana mamlaka za afya za Uingereza huwashauri watu wazima kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika kufikiria kufanya hivyo mwaka mzima. Watoto wachanga wanaonyonya nao hupewa matone maalumu, kwa maelekezo ya kliniki.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, kuzidisha si kuponya: mtu mzima asizidi mikrogramu 100 kwa siku bila agizo la daktari, kwa kuwa madini ya chokaa yakizidi katika damu hudhuru figo na moyo. Pili, vitamini D ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Haijathibitika kuwa tiba ya sonona. Mwenye huzuni asiambiwe "meza vitamini tu" na kuachwa hapo.

Baridi yenyewe

Mambo matatu yanahitaji kutajwa kwa ufupi. Kwanza ni homa ya mafua, ambayo kaskazini huenea zaidi majira ya baridi. Chanjo yake hutolewa kila mwaka kuanzia majira ya kupukutika kwa majani. Wazee, wajawazito, wenye pumu, kisukari, selimundu au kinga iliyopungua wasiikose.

Pili, mwenye selimundu ajue kwamba baridi ni miongoni mwa mambo yanayochochea maumivu makali ya ugonjwa huo. Avae nguo za tabaka kadhaa, afunike kichwa na mikono, anywe maji ya kutosha hata asipohisi kiu, na asitoke ghafla kutoka chumba chenye joto kwenda kwenye baridi kali. Akihamia nchi mpya, ajiandikishe mapema kwa daktari na kubeba maelezo ya ugonjwa na dawa zake. Si kila mhudumu wa huko amewahi kumwona mgonjwa wa selimundu.

Tatu, jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya nyumba, wala kwenye roshani iliyofungwa, liwe la kuchomea nyama ya sikukuu au la kupashia joto. Nyumba za kaskazini hujengwa zisipitishe upepo. Mkaa hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huweza kuua familia nzima usingizini. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje kwanza, kisha waite msaada.

Nini kifanyike

Tiba ya kwanza ya giza ni mwanga. Kutembea nje kila siku, hasa asubuhi mara kunapokucha, hata kukiwa na mawingu au theluji, ni hatua isiyogharimu chochote. Asiyeweza kutoka asubuhi atumie nafasi ya chakula cha mchana. Kitanda au meza ya kazi isogezwe dirishani, na mapazia yafunguliwe hata asiyejisikia kufanya hivyo.

Kwa mwenye sonona ya majira iliyothibitishwa, iko taa maalumu ya tiba. Kipimo kinachotumika sana ni laksi 10,000 kwa takriban dakika 30 kila asubuhi, mtu akiwa ameketi karibu na taa, macho wazi lakini bila kuikodolea. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya juma moja au mawili. Taa hiyo isitumiwe jioni, kwa kuwa hufukuza usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa ngozi au macho kuathiriwa na mwanga, na hasa mwenye historia ya ugonjwa wa hisia mseto, asianze bila ushauri wa daktari. Mwanga mkali huweza kumtoa huyu wa mwisho katika huzuni na kumtupa katika msisimko wa hatari.

Dawa za sonona na tiba ya mazungumzo nazo zina nafasi yake. Utafiti uliofanyika nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha tiba ya mwanga na dawa ya fluoksetini kwa wagonjwa wa sonona ya majira, na haukuona tofauti kubwa ya matokeo kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mgonjwa na daktari wake wana uwanja wa kuchagua. Asiyependa vidonge hajakosa tiba, na anayevihitaji asivionee haya.

Sikukuu yenyewe nayo ipangwe kama inavyopangwa safari. Mapema mwezi Desemba mtu ajiulize: tarehe 24, 25, 26 na 31 nitakuwa wapi, na nani, nitakula nini, nitasafiri kwa chombo gani? Msikiti, kanisa, jumuiya ya Waafrika Mashariki au ofisi ya wanafunzi wa kigeni mara nyingi huandaa mahali pa kukutana, inatosha kuuliza. Wawili wasio na familia huweza kupika pilau pamoja. Aliyekaa muda mrefu amwalike aliyefika mwaka huu, kwani majira ya baridi ya kwanza huwakuta wengi bila koti la kutosha na bila mtu wa kumweleza.

Na kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, msaada usingoje sikukuu ziishe. Uingereza na Ayalandi, namba 116 123 hupokelewa na shirika la Samaritans saa zote, bila malipo. Marekani na Kanada namba ni 988. Maisha yakiwa hatarini, mtu apige 999 Uingereza, 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, na 911 Amerika Kaskazini. Kuomba mkalimani wa Kiswahili si usumbufu. Hospitali nyingi za nchi hizo zina utaratibu wa kumtafuta.

Wanaorudi nyumbani kwa sikukuu

Wako wanaojaliwa nauli na kuja kula sikukuu kwao. Kwao hatari kubwa hubadilika jina: ni malaria. Kinga ambayo mtu huijenga kwa kuumwa na mbu tangu utoto hudhoofika akikaa mbali, na watoto waliozaliwa ugenini hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Nchini Uingereza, walio wengi kati ya wanaougua malaria ni watu waliotoka kuwatembelea ndugu na marafiki barani Afrika. Wengi hawakumeza dawa za kuzuia, kwa kuamini kwamba mtoto wa nyumbani hahitaji.

Anayesafiri amwone mhudumu wa afya majuma kadhaa kabla ya safari. Dawa ya atovakwoni pamoja na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea kwa siku saba baada ya kurudi. Doksisaiklini huendelea kwa majuma manne baada ya kurudi. Chandarua chenye dawa kinawahusu wageni kama kinavyowahusu wenyeji. Na hata kama kijiji chake kiko mlimani kwenye mbu wachache, safari ya kukifikia hupita tambarare.

Hatari ya pili huja Januari, msafiri akiwa amerudi kaskazini. Anapata homa, anaumwa kichwa na viungo. Kila mtu aliye karibu naye ana mafua, naye anaambiwa apumzike. Siku mbili zinazopotea hapo zinaweza kumtoa katika malaria ya kawaida na kumfikisha kwenye malaria kali inayoshika ubongo au figo. Kwa hiyo sentensi moja ikaririwe na kila msafiri: "Nimetoka Afrika Mashariki, nina homa, naomba nipimwe malaria leo." Sentensi hiyo isemwe kwa homa yoyote inayotokea ndani ya mwaka mmoja baada ya safari, hata kama dawa za kuzuia zilimezwa. Nasi huku nyumbani, tukimwona mgeni wa sikukuu mwenye homa, tumhesabu kuwa mtu asiye na kinga, wala tusidanganywe na Kiswahili chake fasaha.

Kuuliza zaidi ya salamu

Turudi kwenye simu ile ya tarehe 24. Salamu zetu zina adabu kubwa, lakini zina mtego kwa mgonjwa. Anayeulizwa habari hujibu "nzuri" kwanza. Ubaya, kama upo, hufuata baadaye kwa neno "ila" au "lakini". Simu ya ughaibuni, yenye watu kumi wanaogombea kuzungumza, mara nyingi hukatika kabla ya "lakini" hiyo kufika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha aliye ng'ambo huchelewa kusikika.

Kwa hiyo mama, kaka au rafiki aulize maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa neno "nzuri": Leo umetoka nje saa ngapi? Jana ulikula nini, na nani? Unalala saa ngapi kwa siku? Nyumba ina joto? Mara ya mwisho kucheka na mtu ilikuwa lini? Majibu yakitia shaka, aulize waziwazi: Umewahi kufikiri kwamba ni afadhali usiwepo? Kuuliza swali hilo hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa aliyekuwa nalo, swali humfungulia mlango ambao alishindwa kuufungua mwenyewe. Na pale palipo na uwezekano, mahitaji ya fedha yajadiliwe siku nyingine, simu ya sikukuu ibaki kuwa simu ya sikukuu.

Mhudumu wa afya wa huku nyumbani hufanya vivyo hivyo kliniki. Mgeni wa sikukuu aliyekuja kupima presha aulizwe majira ya baridi yalimkuta vipi mwaka uliopita. Akiwa anatumia dawa ya sonona, aulizwe kama amebeba ya kutosha, na aonywe asiiache ghafla kwa kuwa tu jua la Dar es Salaam limemchangamsha. Giza atalikuta palepale alipoliacha. Akiwa na mpango wa kurudi, apewe maelezo yake kwa maandishi ili daktari wa huko aendelee alipoishia yule wa huku.

Kuanzia tarehe 21 au 22 Desemba mchana wa kaskazini hukoma kupungua, kisha huanza kurefuka, kwa dakika chache mwanzoni, baadaye kwa kasi. Mgonjwa aambiwe jambo hilo, kwa kuwa ni kweli na lina faraja. Lakini asiambiwe angoje tu hadi machipuko. Miezi mitatu ni mirefu kwa mtu aliye peke yake chumbani, na tiba ipo sasa.